Sehemu ya 4: Nesi akiinamisha kichwa
Tuendelee. Mbwa akiinamisha kichwa, sikio moja linakuwa juu, jingine chini. Huenda inamsaidia kujua sauti inatoka wapi. Sisi manesi tunainamisha ili sikio moja tu lifanye kazi.

Mwaka 1816 Laennec, daktari Mfaransa, aliona haya kuweka sikio kifuani kwa mwanamke. Akakunja karatasi, akasikilizia. Mwaka 1895 Pinard, Mfaransa mwenzake, akaleta pembe ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Ndiyo fetoskopu tunayotumia huku Chidya hadi leo. Haitaki umeme wala betri.

Mapigo 110 hadi 160 kwa dakika ni kawaida. Yakishuka, tunakimbizana. Kwa hiyo mama zangu, mkiona nesi kalaza kichwa pale tumboni, nyamazeni dakika moja tu. Anahesabu.