Hatua, si Mwongozo

Orodha ya istilahi za uchapaji niliyoletewa niipitie kabla haijapigwa chapa inakiita kipimo cha kuachanisha mistari “mwongozo wa mistari”. Nimeisoma mara tatu nikitumaini ni kidole kilichoteleza. Sivyo. Kuna kikao kilichoketi, kikajadili, kikapitisha.

Kwa kipimo hicho Kiingereza kina neno, leading, ambalo kwa tahajia ni lile lile la kuongoza, ila kwa matamshi na kwa ukoo ni jingine kabisa: limezaliwa na risasi, yale madini. Zama za herufi za kuyeyushwa, mpangaji chapa alichomeka vipande vyembamba vya risasi baina ya mstari na mstari, vyenye kimo kidogo kuliko herufi ili wino usivifikie. Aliyetafsiri alitazama tahajia, neno hakulisikiliza.

Wapo wanaotetea “risasi” yenyewe, tuliyoipokea kutoka rasas ya Kiarabu ikiwa jina la madini kwanza, la kitu cha bunduki baadaye. Nawaheshimu, lakini mwambie kijana aliye mbele ya kompyuta “punguza risasi” uone atakavyokutazama. Mwenzangu mmoja wa kalamu naye analipigia debe “mwanya”. Kosa lake ni la vipimo. Kinachopimwa si uwazi: ni toka zinapokanyagia herufi za mstari huu hadi zinapokanyagia za mstari unaofuata, kimo cha herufi kikiwemo. Herufi za pointi 10 zikipangwa kwa pointi 12, aliyefundishwa mwanya ataacha uwazi wa 12 mahali pa 2.

Ndiyo maana miaka yote hii naing’ang’ania hatua. Hatua hupimwa wayo hadi wayo. Hakuna apimaye pengo lililo baina ya kisigino cha mbele na vidole vya nyuma. Neno lenyewe ni khatwa ya Kiarabu, kh yake tukailainisha kama tulivyoilainisha ya khatt tukapata hati. Mizizi ni miwili, haina udugu, lakini kinywani mwa Mswahili imekaa jirani, na hati kweli hushuka ukurasani hatua kwa hatua. Nilipolipendekeza nilijibiwa kwamba “lina maana nyingi mno”. Na mwongozo je, uliokwisha kubebeshwa vitabu vya walimu, nyaraka za wizara na kanuni za vyama?

Kuhusu matumizi: usipoigusa, programu ya InDesign huweka hatua ya asilimia 120 ya ukubwa wa herufi. Mistari mirefu huhitaji zaidi, vichwa vya habari vikubwa pungufu. Teua maandishi, shikilia Alt, mshale wa chini huikuza, wa juu huipunguza.

Orodha nimeirudisha. “Mwongozo” nimeukata kwa wino mwekundu, pembeni nimeandika “hatua ya mstari”. Ikichapwa bila badiliko hilo, jina langu lisiwekwe miongoni mwa walioipitia.