Majiko ya Barabarani katika Mji wa Dar es Salaam

Mji wa Dar es Salaam, tangu Sultani Majid bin Said alipouasisi katika miaka ya 1860, na hasa tangu Wajerumani walipouhamishia makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891, umekuwa mji wa watu wanaokula nje ya nyumba zao. Kwani waliojenga reli yake, wakapakua shehena bandarini na kuyasimamisha majumba yake, aghalabu walikuwa wanaume waliokuja peke yao kutoka bara, wakapanga chumba kimoja watu kadhaa, hawana mke wala jiko, na jioni wakirejea na machovu yao hawakuwa na budi kumtafuta aliyepika. Kariakoo, mahali palipokuwa na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, ndipo walipomkuta: vitumbua vikichomwa barazani, samaki na mihogo katika karai, na muuza kahawa akipita na dele lake.

Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilionyesha wakazi wapatao 128,000. Ile ya 1967 ikapita 270,000. Viwanda viliongezeka, na kila lango la kiwanda likapata mama ntilie wake. Mama huyu huamka kabla ya adhana ya alfajiri, akayainjika maharage aliyoyalowesha tangu usiku, akachagua mchele huku mkaa ukikolea. Na ifikapo saa sita, chini ya kipande cha bati au turubai, mchukuzi aliyetoka kubeba magunia humiminiwa kwanza maji ya kunawa kwa kopo, kisha akapewa sahani ya ugali, maharage, mchicha na kipande cha samaki kama fedha zinaruhusu. Asiyekuwa nazo huandikwa katika daftari mpaka mwisho wa mwezi, bila dhamana wala shahidi, na kwa hisani hiyo vibarua wengi wamevuka siku ambazo mwajiri hakulipa.

Kisha ikaja dhiki. Thamani ya mshahara ilianguka tangu katikati ya miaka ya 1970, vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vikaikausha hazina, na mwaka 1984 Serikali ikaondoa ruzuku ya sembe. Hata mshahara wa mume ukawa hautoshi chakula cha mwezi mzima, na wanawake ambao hawakuwahi kuuza chochote wakatoa masufuria yao barabarani. Katika wakati huohuo ilipitishwa Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, na watu wasiokuwa na vitambulisho vya kazi inayotambulikana wakakamatwa mijini na kupelekwa vijijini kulima. Mimi naiona hukumu ile kuwa dhuluma, ingawa walioitunga walikuwa na nia ya kuinua kilimo, kwa sababu ilimhesabu kuwa hana kazi mtu aliyekuwa akifanya kazi tangu alfajiri hadi magharibi, na kwa sababu nyumba nyingi za watumishi wa Serikali wenyewe zilikuwa zikiishi kwa vijibiashara vya wake zao. Wengi wa waliopelekwa walirejea upesi, wakawasha tena mkaa.

Desemba 2018 ndipo Serikali ilipoanza kuwagawia wafanyabiashara wadogo vitambulisho kwa shilingi 20,000, na mpishi wa kando ya njia akaweza kuonyesha kadi pale ambapo zamani alikimbia na sufuria. Hata hivyo mwaka 2021 ikatoka amri ya kuwahamisha wachuuzi wa barabarani waende katika maeneo waliyotengewa. Usafi wa mji ni jambo la haki, wala simlaumu anayeutaka. Lakini ningependa kila anayepanga maeneo hayo apime kwanza kwa miguu umbali uliopo baina ya jiko na kituo cha daladala, kwani mchukuzi mwenye nusu saa ya mapumziko hawezi kuutembea na bado akapata wasaa wa kula.