Dini, Utamaduni na Kiti cha Enzi: Ulinganisho wa Karagwe na Buganda, 1844–1892

1.0 Utangulizi

Katika karne ya 19, njia ya misafara kutoka pwani ilipita Unyanyembe, ikaingia Karagwe na kuendelea hadi Buganda. Leo Karagwe ipo Tanzania na Buganda ipo Uganda, kwa mpaka uliotokana na mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1890. Makao ya Omukama wa Karagwe yalikuwa Bweranyange, katika wilaya ileile ilimo kata ya Nyaishozi.

Makala haya yanauliza: ilikuwaje dini iliyosafiri kwa njia moja ikashika mizizi mwisho wa safari, lakini isishike katika ikulu iliyotangulia kufikiwa? Jibu lililozoeleka ni kwamba Buganda ilikuwa na mwamko na Karagwe ilikuwa imelala. Hoja ya makala haya ni kuwa tofauti hiyo ilitokana na nafasi ya mfalme katika ibada za jadi.

2.0 Msingi wa Pamoja

Imani za falme hizi zilikuwa na asili zinazokaribiana. Mungu wa ziwa aitwaye Mugasha upande wa Kagera ndiye Mukasa wa Waganda, ambaye hekalu lake kuu lilikuwa katika visiwa vya Ssese. Pande zote mbili ziliamini kwamba roho humpanda mtu na kusema kupitia kwake. Ngoma ilikuwa alama ya ufalme, na migomba ilikuwa uhai wa kaya. Kwa hiyo, tofauti iliyofuata haiwezi kuelezwa kwa madai ya utamaduni mmoja kuwa wa juu kuliko mwingine.

3.0 Nafasi ya Mfalme katika Ibada

John Hanning Speke aliyefika Karagwe Novemba 1861 alimkuta Rumanyika akiongoza sherehe za mwezi mwandamo, wakuu wakija na ngoma zao kuthibitisha utii. Aliandika pia simulizi kwamba mrithi halali alijulikana kwa kuweza kuinua ngoma iliyowashinda ndugu zake. Simulizi hii ilipitia kwa wakalimani; inafaa isomwe kama dai la ukoo wa Wahinda kuhusu uhalali wao. Hata hivyo, inaonesha jambo la msingi: Omukama mwenyewe alikuwa kitovu cha ibada, na vifaa vyake vya chuma, wakiwemo ng'ombe wa chuma, vilikuwa vitakatifu.

Buganda ilikuwa tofauti. Miungu iliyoitwa lubaale ilikuwa na mahekalu, ardhi na makuhani wake, ambao waliweza kumshinikiza Kabaka. Mwishoni mwa 1879, Mutesa alipokuwa mgonjwa, wajumbe wa Mukasa waliitwa ikulu ingawa wamisionari walipinga vikali.

4.0 Kupokewa kwa Dini Mpya

Kwa Mutesa, basi, dini ya kigeni ilikuwa mizani dhidi ya makuhani. Uislamu ulikuwa umetajwa ikuluni tangu 1844, mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alipomtembelea Kabaka Suna. Mutesa alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa, ila alikataa kutahiriwa, kwa kuwa mila ilikataza kumwaga damu ya mfalme. Vijana wa ikulu walioipokea dini hiyo kwa dhati walifikia kukataa nyama iliyochinjwa na wasiotahiriwa. Mwaka 1876 wengi wao waliuawa. Waanglikana walifika 1877 na Wakatoliki 1879. Dini zikawa vyama vya kisiasa, na vita vya 1888 hadi 1892 vikafuata.

Karagwe nayo haikuwa imejifungia. Wafanyabiashara wa pwani walikaa Kafuro, karibu na Bweranyange. Speke anaeleza kuwa Musa Mzuri, mfanyabiashara Mhindi wa Kazeh, alimsaidia Rumanyika dhidi ya ndugu yake Rogero. Rumanyika alipokea urafiki, nguo na bidhaa zao, lakini hakupokea dini yao. Hakuwa na makuhani wa kupunguziwa nguvu. Kuibadili dini kungekuwa kujiondolea uhalali mwenyewe.

5.0 Hitimisho

Watawala wote wawili walipima dini mpya kwa mahitaji ya kiti chao, nao kila mmoja alilipa gharama yake. Buganda ililipa kwa damu. Karagwe iliepuka vita vya dini, lakini ibada iliyofungamana na mtu mmoja ilitetereka pale kiti kilipotetereka kwa migogoro ya urithi baada ya Rumanyika na kwa utawala wa Wajerumani. Ukristo uliposambaa Kagera, baadhi ya waumini wa mwanzo walikuwa Wahaya waliojifunza kusoma Buganda, hata kabla ya wamisionari wa Bethel kufika mwaka 1910. Hivyo, athari ya jirani iliingia kupitia wasomi wa kawaida, si kupitia ikulu. Mtafiti anayeipima Karagwe kwa kukosa kwake Mutesa anakosea swali: kukataa kwa Rumanyika kulikuwa uamuzi wa kisiasa, na kunastahili kuchunguzwa kwa uzito uleule anaopewa yeye aliyekubali.