Kadi ya Michoro na Mzigo wa Prosesa: Hoja kwa Wanunuzi wa Kompyuta za Mtumba Ulemo

Mtu wa kata ya Ulemo, wilayani Iramba, akitafuta kompyuta ya mtumba ya kuonyeshea filamu, jambo la kwanza analosifiwa dukani ni GB za kadi ya michoro. Nadai kwamba sifa hiyo haimsaidii. Kinachoipunguzia prosesa mzigo ni saketi maalumu ya kusimbua kodeki ya filamu husika, na saketi hiyo haifuati bei ya kadi wala memori yake.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa zamani kidogo. GeForce 8800 GTX ilitoka Novemba 2006 kwa dola 599, ikiwa na viini 128 vya kukokotoa. Aprili 2007 ikafuata GeForce 8500 GT, ya bei ya chini mno, yenye viini 16 tu. Kwenye michezo ya kompyuta hazikukaribiana hata kidogo. Lakini kwenye filamu ya kodeki ya H.264, ile ya bei ndogo ndiyo iliyoipumzisha prosesa zaidi. Kwa AMD ilikuwa vivyo hivyo mwaka 2007: Radeon HD 2900 XT ilikosa saketi ya kusimbua iitwayo UVD, ilhali wadogo zake, HD 2400 na HD 2600, walikuwa nayo.

Sababu ni namna H.264 inavyosimbuliwa. Kwanza biti zilizobanwa hufunguliwa. Baadaye picha hujengwa kwa kufuata mwendo kutoka fremu nyingine, kisha kingo za vipande vyake hulainishwa. Kujenga na kulainisha ni kazi inayogawanyika, na 8800 GTX iliimudu. Kufungua biti hakugawanyiki kirahisi. Kwa mbinu ya CABAC kila biti husubiri iliyoitangulia, kwa hiyo wingi wa viini haufui dafu. Kazi hiyo ikaachiwa prosesa, wakati 8500 GT ilikuwa na saketi yake. Hata king'amuzi cha televisheni huonyesha picha safi kwa prosesa dhaifu kwa sababu hiyo hiyo.

Siku hizi saketi hizo zimo pia ndani ya prosesa zenye michoro yake, na hapo mwaka wa kutengenezwa ndio wa kutazamwa. Core i5 ya Intel ya 2011 husimbua H.264 bila shida, lakini kazi yote ya kodeki ya HEVC huangukia viini vya prosesa. Skylake ya 2015 inaimudu HEVC ya kawaida. Kodeki ya AV1 ilisubiri hadi Tiger Lake, 2020.

Kwa anayetegemea sola, tofauti hii ni ya umeme. Tuchukulie mzigo wa prosesa unaongeza wati 30: kwa saa 5 ni wati-saa 150, yaani robo ya akiba ya betri ya volti 12 na Ah 100 inayotumiwa nusu tu.

Watetezi wa HEVC watasema kodeki hiyo hupunguza faili hadi karibu nusu. Ni kweli, ila nafasi kwenye flashi hununuliwa mara moja, umeme hutafutwa kila siku. Wanaosambaza filamu vijijini waendelee kutoa nakala za H.264.

Mnunuzi naye aende dukani na flashi yenye filamu zake, azicheze, kisha afungue Task Manager ya Windows 10. Grafu ya Video Decode ikilala sifuri huku ya CPU ikipanda, aombe mashine nyingine.