Ukavu wa Nyasi Hulindwa Ghalani

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulipoanza Mombasa mwaka 1896, Changamwe ikawa mahali treni inapotoka kisiwani na kuingia bara. Nyumbu, punda na ngamia walioletwa kubeba vifaa vya ujenzi walikufa kwa wingi, hasa kwa ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, na reli iliyofika Kisumu Desemba 1901 ikairithi kazi yao. Hata hivyo mifugo haikukoma kupita hapa. Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1950, ina kiwanda Kibarani, na bandari ya Kilindini imepakia ng'ombe na mbuzi hai waendao ng'ambo. Mnyama anayesubiri kisu au meli lazima ale, na penye viwanda, matangi ya mafuta na nyumba zilizosongamana hapana malisho. Hula nyasi kavu zinazoletwa kutoka mbali. Ubora wa nyasi hizo huamuliwa ghalani sawa na shambani, na Pwani ililijua jambo hili kabla ya reli.

Nyasi mbichi huwa na maji kiasi cha asilimia 70 hadi 80. Zikishakatwa bado ziko hai: hupumua na kuila sukari yake zenyewe mpaka maji yashuke karibu na asilimia 40, kwa hiyo zikichelewa kukauka au zikinyeshewa hupoteza lishe. Robota likifungwa lingali na maji zaidi ya asilimia 20, ukungu na bakteria huzaana na joto hupanda ndani yake. Nyasi hugeuka kahawia na kunukia kama tumbaku. Wapo wanaoisifu harufu hiyo kwa kuwa ng'ombe huzila kwa hamu, lakini hamu ya ng'ombe si kipimo cha lishe: joto limeshaifungamanisha protini na sukari, na sehemu kubwa hupita tumboni bila kumfaa mnyama. Joto likizidi mno, ghala linaweza kuwaka lenyewe.

Atasema mtu kwamba Pwani ina jua la kutosha, basi zianikwe zaidi. Jua likipita kiasi huua rangi ya kijani pamoja na karotini, chanzo cha vitamini A, na majani, yenye protini kuliko mashina, hukatika na kubaki chini. Tena nyasi zilizokaushwa vizuri Naivasha zikifika Changamwe msimu wa kusi na masika hunyonya upya unyevu wa hewa ya bahari. Wamijikenda walikuwa na jibu: mahindi yao yalikaa kwenye uchaga juu ya meko, moshi na joto la kila siku vikiyakinga na unyevu na wadudu. Kwao ukavu ulitunzwa mwaka mzima.

Ni kweli kwamba uchaga ulihifadhi akiba ya nyumba moja, na hakuna awezaye kupanga mamia ya marobota juu ya moto. Kinachofaa kuigwa ni kanuni yake: chakula kiinuliwe, kipate hewa, kikaguliwe kila mara. Jukwaa la boriti, paa lisilovuja na nafasi kati ya marobota na ukuta ni gharama ndogo kuliko shehena iliyooza. Mnunuzi naye apenyeze mkono katikati ya robota kabla ya kulipa. Akikuta joto au unyevu, asilichukue.