Uvuvi wa perege kwa ndoana

Uvuvi wa perege kwa ndoana ni uvuvi mdogo wa samaki wa maji baridi unaotumia ufito, mshipi mwembamba na ndoana ndogo. Katika mkoa wa Morogoro hufanyika mtoni, kwenye mabwawa na katika bwawa la Mindu, lililojengwa kwenye mto Ngerengere. Perege anayehusika zaidi ni *Oreochromis urolepis*, mwenyeji wa mito Rufiji, Ruvu na Wami. Mto Mgeta, unaotoka milima ya Uluguru, huingia Ruvu. Perege hustawi zaidi sehemu za chini za Mgeta zenye joto kuliko kwenye vijito baridi vya mlimani.

Vifaa vyepesi vinatokana na umbo la samaki mwenyewe. Mdomo wa perege ni mdogo, naye hudonoa chambo kabla ya kukimeza, kwa hiyo ndoana kubwa huishia kuliwa chambo tu. Chambo cha kawaida ni nyungunyungu au donge la ugali. Kiboya chepesi huonyesha mdonoo ambao mkono usingeuhisi.

Wakati wa kuzaa dume hubadilika rangi kuwa mweusi, huchimba kiota cha mviringo kwenye maji ya kina kifupi na kukilinda kwa ukali, hata dhidi ya chambo kinachopita. Jike hubeba mayai mdomoni na kwa kawaida hali, hivyo hunaswa kwa nadra. Maji yakijaa tope la masika, uvuvi huu hupungua.