Shoka la Mama na Nyundo ya Fundi

Msomaji, ukipita Kitengela asubuhi na mapema, kando ya barabara kuu iendayo Namanga, utawaona watu wamesimama vikundi vikundi, kila mmoja na mfuko wake miguuni. Usiwadhani wasafiri. Hao ni mafundi wangojao kazi ya siku, na mfuko ule ndio cheti chao. Mwenye mwiko na timazi ni mwashi. Mwenye msumeno na randa ni seremala. Mwenye brashi iliyoganda rangi hahitaji kuulizwa. Asiye na mfuko atachukua mawe na zege, naye atalipwa kidogo kuliko wote. Mtu ajaye kutafuta fundi hutazama vyombo kwanza, kisha ndipo amtazame mwenyewe.

Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu, na njia yangu ya kazini hupita hapo. Kila mara hujiuliza: katika vikundi hivyo wanawake wako wapi? Wapo wachache, na wengi wao hawana mifuko. Pengine swali hili lisingenisumbua mahali pengine. Lakini Kajiado ni nchi ya Wamasai, na kwa Wamasai, tangu zamani sana, mjenzi wa nyumba ni mwanamke. Basi nataka tufuatane, wewe nami, tuone jinsi chombo cha kujengea kilivyotoka mkono mmoja kikaingia mwingine.

Nyumba ya Kimasai huitwa enkaji, na boma zima lenye nyumba kadhaa na zizi la ng'ombe huitwa enkang. Wengi wetu tumezoea kusema manyata, lakini kwa Wamasai wenyewe manyata hasa ilikuwa kambi ya morani. Mwanamke ajengaye enkaji hukata miti myembamba, aghalabu ya leleshwa, ambayo mchwa hawaipendi. Huisimika ardhini, akaipinda vilele vikutane. Husuka fito katikati yake na kuzifunga kwa kamba za magome. Hujaza majani na vijiti. Kisha hukandika yote kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na udongo. Nyumba haipiti sana kimo cha mtu, na mtu mrefu huingia ameinama. Mvua ikinyesha usiku na paa likavuja, ni mwanamke yule yule atokaye gizani na samadi mbichi mkononi kwenda kuziba.

Vyombo vyake vilikuwa vichache mno: shoka dogo la kukatia, kisu au sime ya kuchania magome, na mikono miwili. Mikono ndiyo iliyokuwa mwiko, na ubao wa kusawazishia, na kipimo. Msumari haukuwamo hata mmoja. Na nyumba ikiisha, ilikuwa yake. Mume hakuwa na nyumba ya peke yake. Alikuwa na nyumba za wake zake, akaingia humo kwa haki ya mume, lakini mwenye mlango alikuwa yule aliyeujenga.

Shoka lenyewe lilitoka kwa wahunzi walioitwa ilkunono, watu waliodharauliwa na kuogopwa kwa pamoja. Wamasai wengine hawakuoana nao, na mtu aliyepokea chombo kutoka kwa mhunzi alijipaka mafuta mikononi kwanza ili kujikinga na najisi. Fikiri jambo hilo: taifa zima lilitegemea mikono ambayo halikutaka kuigusa. Misafara ya pwani ilipopita nchi hii katika karne ya 19, ilileta sengenge nene za chuma za kufanyia biashara, na wahunzi wakazifua upya kuwa silaha na vyombo. Mikuki yao imechorwa na kupigwa picha na kila mgeni aliyepita. Shoka la mama halikupigwa picha na mtu, wala sishangai. Wageni wale walikuja kutazama vita.

Lakini fuata historia uone ni kipi kilichowafaa watu zaidi. Mwaka 1904 Waingereza walifanya mapatano na viongozi wa Wamasai, wakawaondoa katika nchi nzuri ya Bonde la Ufa karibu na reli na kuwagawa, wengine kaskazini huko Laikipia, wengine kusini. Mwaka 1911 yakafanywa mapatano ya pili, na watu wa Laikipia nao wakaamrishwa kuhamia hifadhi ya kusini, ambayo ilishika nchi ya Narok na Kajiado ya leo. Wamasai walikwenda mahakamani mwaka 1913 kudai haki yao, wakashindwa. Vitabu husimulia mikataba hiyo, na shauri hilo, na ng'ombe waliokufa njiani. Ni vichache vinavyokumbuka kwamba kila jamaa iliyofika kusini ililala chini ya paa jipya, na kwamba paa hilo lilitokana na mwanamke aliyeshuka safarini amechoka, akashika shoka lake, akaenda kutafuta miti katika msitu asioujua.

Wakati huo huo vyombo vya namna nyingine vilikuwa vikiingia nchini. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilileta watu zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, na miongoni mwao walikuwamo maseremala, waashi na wafua chuma hodari. Wengi walirudi kwao. Waliobaki walifungua karakana na maduka. Kisha ikaanzishwa kampuni ya magadi mwaka 1911, na njia ya reli ikakatwa kutoka Konza mpaka Ziwa la Magadi, ikipita Kajiado, mahali palipopata jina kutokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya mto mrefu. Stesheni ikajengwa, na maduka, na ofisi. Watoto wa enkaji wakaona kwa mara ya kwanza nyumba yenye pembe nne kamili, iliyopigwa misumari.

Hapa niruhusu nikutoe kidogo njiani, kwa kuwa jambo lifuatalo hunifurahisha kila nilifundishapo. Ufungue mfuko wa fundi, uyasikilize majina. Nyundo na shoka ni maneno ya Kibantu, ya zamani kuliko Kiswahili chenyewe. Msumeno, wasema wataalamu, ni msu wa meno, yaani upanga wenye meno. Randa yatoka Uajemi na Bara Hindi. Saruji nayo yatoka Uajemi. Karai ni la Kihindi. Parafujo ni neno la Wareno, nao waliondolewa Mombasa zamani lakini parafujo yao imebaki ubaoni. Mwiko wa mwashi ni ule ule mwiko wa jikoni uliobadili kazi. Mfuko mmoja wa gunia, na ndani yake mna Bahari ya Hindi nzima.

Kilichobadili sura ya Kajiado kuliko vyote, hata hivyo, ni bati. Mtu aliyepata hati ya kwanza ya uvumbuzi wa bati lenye mikunjo ni Henry Robinson Palmer, mhandisi wa Uingereza, mwaka 1829. Chukua karatasi ya daftari, uishike upande mmoja, itainama. Ikunje mikunjo myembamba kama upepeo, uishike tena, itasimama. Hiyo ndiyo siri yote. Bati jembamba lenye mikunjo laweza kuvuka kutoka boriti mpaka boriti bila kulegea, nalo ni jepesi kupakiwa melini, garini, na hata mgongoni mwa punda.

Lakini bati halikandikwi kwa mkono. Lataka nyundo, misumari, mkasi wa bati, msumeno wa kukatia boriti, ngazi ya kupandia. Zaidi ya hayo lataka fedha, na fedha za boma zilipatikana kwa kuuza ng'ombe, na mwenye kauli juu ya kuuza ng'ombe alikuwa mume. Shuleni nako, wavulana walifunzwa useremala, na wasichana wakafunzwa kushona na kupika. Hakuna sheria iliyoandikwa kwamba mwanamke wa Kajiado asijenge tena. Vyombo vilibadilika tu. Na walioviuza, walionunua na waliofundisha kuvitumia wote walikuwa wanaume. Nyumba ikawa ya mwenye fedha.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1958 kiwanda cha saruji kilianza kazi Athi River, jirani kabisa na Kitengela. Mwaka 1968 Bunge la Kenya lilipitisha sheria iliyowezesha Wamasai kumiliki ardhi kwa vikundi. Na katika miaka ya 1980 vikundi hivyo vikaanza kugawanya ardhi, Kitengela ikiwa miongoni mwao, na hati zikaandikwa kwa sehemu kubwa majina ya wanaume. Mwaka 1990 Serikali iliunda mamlaka ya kusimamia maeneo ya viwanda vya bidhaa za nje, na viwanda vikajengwa huko huko Athi River. Wafanyakazi walihitaji pa kulala. Malisho yakawa viwanja, na hesabu ya watu ya mwaka 2019 ikaukuta mji wa Kitengela una watu zaidi ya 150,000.

Mimi nami nilikuwa mmoja wa walionunua kiwanja. Nilitaka kuongeza chumba kimoja nyuma ya nyumba yangu, nikajiona mwerevu, nikasimamia kazi mwenyewe siku za Jumamosi. Nilinunua timazi, chombo nikipendacho kuliko vyote: uzi na kipande cha chuma chenye ncha, basi. Waashi wa Misri ya kale walikitumia, na hata leo hakidanganyi. Nilipima pembe kwa kamba ya futi 3, 4 na 5, kama mlivyofunzwa katika hesabu. Ukuta ulisimama wima kama askari.

Mvua za Aprili zilikuja zikaenda, kiangazi kikaingia, na siku moja nikaona ufa ukutani, mwembamba kama unywele. Baada ya mwezi ningeweza kutia kidole. Fundi niliyemwajiri alikuwa amekwisha badili namba ya simu.

Jirani yangu ni mama mzee wa Kimasai, ambaye jamaa yake walichunga hapa kabla ya viwanja. Alikuja akauweka mkono wake juu ya ufa, akanyamaza kitambo.

"Mwalimu," akaniuliza, "mlichimba mpaka wapi?"

"Mpaka magotini, Koko."

"Ng'ombe wetu wakikwama katika tope la hapa, huzama mpaka tumboni. Hukuuliza?"

Sikuwa nimeuliza. Udongo mweusi wa Kitengela huvimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Huinua msingi na kuuangusha mwaka baada ya mwaka, na ukuta usio na mguu juu ya mwamba au changarawe ngumu hauna pa kushika. Timazi ilikuwa imeniambia kweli juu ya ukuta. Habari za ardhi haikuulizwa. Chombo nilichohitaji kwanza kilikuwa sururu na mtaimbo, na kabla ya hivyo, maneno mawili na mwanamke aliyekuwa akiupima udongo ule kwa miguu ya ng'ombe tangu utoto wake.

Koko alinieleza mengine pia. Katika miaka ya 1990 shirika liitwalo Intermediate Technology lilifanya kazi na wanawake wa Kajiado kutengeneza enkaji bila ya kuibomoa. Dirisha likapanuliwa, paa likapakwa saruji juu ya wavu wa sengenge ili lisivuje tena, mfereji ukafungwa ukingoni kukinga maji ya mvua, na juu ya jiko ikawekwa kofia ya bati ya kuuvuta moshi nje. Kati ya mwaka 1998 na 2001 moshi ulipimwa kabla na baada, ukaonekana umepungua sana. Wanawake wenyewe ndio waliochagua nini kifanywe, kwa kuwa macho yaliyokuwa yakiwasha kwa moshi yalikuwa yao. Koko alikwenda kutazama nyumba kama hizo kwa ndugu zake, akarudi akadai dirisha.

Sasa anakaa katika nyumba ya mawe aliyojengewa na mwanawe. Ni nyumba njema, nayo haivuji. Nilimwuliza kama anaipenda kuliko enkaji yake ya zamani. Akacheka, akasema kuwa hana moshi wala usiku wa samadi, basi aipendeje enkaji? Kisha akaongeza, bila kucheka, kwamba ile ya zamani hakuna aliyeweza kumwambia atoke. Sheria ya mwaka 2013 juu ya mali ya mume na mke yakubali kwamba kazi ya nyumbani ni mchango katika mali, hata kama haikulipwa fedha. Lakini Koko ni mjane, na hati ya kiwanja haina jina lake.

Tulibomoa chumba changu tukachimba upya mpaka sururu ikalia juu ya mwamba. Ili kupata usawa wa msingi tulitumia mpira mwembamba wa maji, ule upitishao mwanga, kwa sababu maji hutulia kimo kimoja katika ncha zote mbili. Kazi hiyo yataka watu wawili, na siku ile kibarua hakuja. Koko alivuka ua akashika ncha ya pili, akaiinua mpaka kifuani, akayatazama maji yakipanda na kushuka.

"Bado," akaniambia. "Bado. Haya, Mwalimu, tia alama."